Makopo ya Chovya

Sekela, umefanya ujinga. Naanza na hilo ili usije ukasema bibi alikuzunguka. Lile boksi lililo nyuma ya mlango, uliloniambia lina vitabu, nimelifungua. Nimekuta makopo ya krimu, mdomo mpana kama bakuli la uji, mifuniko ya rangi ya dhahabu, na kila mfuniko umebandikwa karatasi inayong'aa imeandikwa CHOVYA, KRIMU YA BIBI. Na uso wangu umeuweka pale, ile picha ya kitenge cha Pasaka, nacheka kama mtu asiye na kosa. Nani alikutuma? Uliniuliza? Mtu anabandikwa kwenye mfuniko kama mgombea udiwani na mwenyewe hana habari?

Haya, kaa chini usome. Umekwenda kuagana na wanakwaya wenzako, na nimeona afadhali niandike ukiwa haupo, maana ukiwa mbele yangu nitakugombeza tu na lile lenyewe sitalisema. Nadhani nimekugombeza miaka yote kwa sababu hiyo. Mwandiko wangu unaujua, ni wa darasa la nne, na shule yetu ya Ikinga ilikuwa na mwalimu mmoja aliyekuwa anaugua kila wiki. Usinicheke. Neno likikushinda lisome kwa sauti, utanisikia.

Sitakuambia habari za sweta, wala kufunga mlango, wala wanaume. Hayo nimekwishayasema mpaka umechoka na mimi nimechoka. Dodoma sijafika. Nasikia kuna jua kavu na upepo wa vumbi, watu wanapasuka midomo na visigino, na ndiyo maana wewe na mwenzako mmekodi chumba mtengeneze krimu ya parachichi muwauzie. Wazo ni zuri. Kazi nimekufundisha mwenyewe na mkono unao. Hilo nalisema mara moja, usingoje la pili.

Shida yangu ni kopo.

Kopo la namna ile linapendeza machoni. Mtu akifungua anaona mali yote kwa mara moja, nyeupe, imelala vizuri, anafurahi. Halafu anafanya nini? Anaingiza kidole. Na kidole hicho kimetoka kushika noti za sokoni, kimefuta kamasi za mtoto, kimekuna kichwa. Anaingiza leo na kesho na mwezi mzima, mume wake naye anaingiza, shemeji akija kusalimia anaingiza. Na krimu yako ina maji ndani. Mafuta na nta vikiwa peke yake vinavumilia. Ukishatia maji umepika chakula, na chakula kinaoza. Wewe haya umefundishwa chuoni, na unayo ile dawa ya kuzuia isiharibike, umenionyesha. Lakini dawa yenyewe uliniambia ina mwisho wake, vidole vikizidi inashindwa. Sasa mtu aliyejua hivyo anakwenda kununua bakuli?

Najua jibu lako. Utasema, "Bibi, si ndivyo ulivyokuwa unauza wewe?"

Ndivyo. Nisikilize sasa.

Ulikuwa hujaanza shule. Nilikuwa na meza pale sokoni, upande wa wauza dagaa, na krimu yangu ilikuwa inajulikana. Maparachichi nilikuwa naletewa na ndugu zangu kutoka Ileje, nayaponda, naanika, nakamua kwa kitambaa, nta nanunua kwa warina asali wa kule Momba. Mwanzoni ilikuwa mafuta na nta tu, ngumu, ya kupaka visigino. Hiyo haikumdhuru mtu. Lakini wanawake wa mpakani wanajua losheni za dukani, wakawa wanasema mama, hii nzito, inang'ang'ania kama lami. Nikaanza kutia maji yaliyochemka na kukoroga mpaka ikawa laini na nyeupe. Hapo ndipo jina lilipokuja.

Mimi sikuwa na lebo wala tangazo. Nilikuwa na kopo moja kubwa, limefunguliwa, katikati ya meza, na kila aliyepita nilimwambia, "Chovya uone." Basi. Anachovya, anapaka nyuma ya mkono, ananusa, anacheka, ananunua. Niliamini mtu hanunui asichokigusa, na kumzuia mtu asiguse ni kumwita mwizi. Wakaanza kuniita Mama Chovya. Wazambia wakivuka kutoka Nakonde walikuwa wanauliza, "Bamayo wa chovya ali kwi?" yaani yuko wapi mama wa chovya, na hata watoto walijua kuwaonyesha. Yule mwanamke wa dagaa aliyekuwa jirani yangu alikuwa ananitania kila siku. Akaniambia siku moja, "Mama Chovya, kesho nakuja na mkate." Nikamwambia aje na chai kabisa. Tulicheka sana. Nililipenda lile jina, Sekela. Mimi niliyeacha shule darasa la nne nikawa na jina linalojulikana nchi mbili. Ukilipenda na wewe, sishangai. Umelisikia kwangu nikijisifu.

Sasa la aibu. Kopo la kuchovya jioni lilikuwa linabaki na krimu kidogo chini na pembeni, yenye alama za vidole vya watu wote wa siku ile. Unajua nilikuwa naifanyia nini? Nilikuwa naikwangua kwa mwiko, naisawazisha, nairudisha kwenye ndoo ile ninayofungashia makopo ya kuuza. Kila jioni. Niliona kutupa ni dhambi. Nimekulia kwenye njaa, mimi kitu hakitupwi. Kwa hiyo kila kopo nililouza lilikuwa na vidole vya soko zima ndani yake, na mimi nilikuwa naliita safi.

Mama yako aliona. Mama yako alikuwa mkamwana mpole, kutoka Itaka, wale watu wa kahawa, wanaongea taratibu kama wanahesabu maneno. Alikuwa ananisaidia kukoroga. Alikuwa na kawaida ya kunawa mpaka kwenye viwiko kabla ya kugusa sufuria, na mimi nilikuwa namwambia anamaliza sabuni. Kabla hajaolewa aliwahi kusaidia kazi kwenye duka la vipodozi kule ng'ambo, alikuwa anajua vitu. Siku moja akaleta chupa ya kubonyeza, hii tunayoita pampu, ameiosha, ameiweka krimu yetu ndani. Akaiweka mezani mbele yangu kwa mikono miwili. Akasema, "Mama, hii mkono wa mtu hauingii ndani. Mteja anaweza kuonja tone moja mkononi mwake, na iliyobaki inakaa salama."

Nikabonyeza. Ikakohoa hewa. Nikabonyeza tena, ikatoa kidogo, ikaziba. Nikacheka mbele ya majirani. Nikasema huyu bibi harusi wa Itaka anataka tuuze upepo.

Angeweza kunieleza kwa nini iliziba. Leo najua, kwa sababu wewe umenieleza. Krimu yetu ilikuwa nzito na ule mrija wa ndani ni mwembamba, haiwezi kupanda. Krimu nzito inataka ile chupa nyingine isiyo na mrija, ambayo kitako chake kinapanda kutoka chini kila ukibonyeza na hewa haiingii. Au inataka tyubu ya kubinya. Pampu ya mrija ni ya losheni nyepesi. Mama yako alikuwa anaijua hiyo tofauti nusu, alikuwa anataka tujaribu. Sikumpa nafasi ya kujaribu. Chupa niliitia karanga.

Baada ya hapo ndipo mtoto alipoumwa.

Kulikuwa na mwanamke wa jumuiya yetu, tulikuwa tunasali naye. Alikuwa amejifungua binti. Mtoto alikuwa na ngozi kavu, inakunjamana kama karatasi, na mama akaja kwangu kununua kopo, kwa sababu ni mimi, kwa sababu ni parachichi, kitu cha Mungu. Akampaka usoni na mwilini. Siku chache mtoto akaota vipele, vipele vikawa na usaha, jicho la kushoto likavimba likafunga. Wakalazwa. Nilipokwenda kumtazama hospitali nilisimama mlangoni nikaona lile jicho, nikajua. Papo hapo. Sikuhitaji daktari aniambie. Nilirudi nyumbani nikafungua ndoo, nikanusa chini kabisa, kulikuwa na harufu kama ya kitambaa kilicholala na maji. Nilikuwa nimeisikia harufu ile kabla. Nilikuwa naizidishia manukato.

Mtoto alipona. Jicho lilifunguka, namshukuru Mungu. Shavuni amebaki na mashimo madogo. Unamjua. Anaimba sauti ya kwanza pale pale kwenye kwaya yenu, anasimama safu ya mbele, na wewe umewahi kuniuliza kwa nini kila akinisalimia naangalia viatu vyake.

Wakaja nyumbani akina mama watatu, yule mzazi na wawili wa jumuiya. Hawakuja kwa ugomvi. Walikaa kwenye mkeka, wakanywa maji, wakauliza kwa adabu tu, mama, krimu hii inatengenezwaje, nani anaikoroga, labda kuna kitu kiliingia. Mama yako akawa ametoka kuteka maji, akapita mlangoni na ndoo kichwani. Na mimi, Sekela, sikufikiri hata kidogo. Nikanyoosha kidole. Nikasema, "Muulizeni huyo. Mikono inayokoroga ni yake. Nimemwambia usafi mpaka nimechoka."

Yeye ambaye alikuwa ananawa mpaka viwikoni.

Alishusha ile ndoo. Alinitazama mara moja. Kwetu unajua mkamwana habishani na mama mkwe mbele ya wageni, na yeye alilelewa vizuri kuliko mimi. Nilikuwa najua kwamba hatanijibu. Nilichukua adabu yake nikaifanya ngao. Akapiga magoti kwenye vumbi pale, akamwambia yule mzazi, "Nisameheni." Basi. Akaomba msamaha wa kosa langu, na mimi nikakaa nikatikisa kichwa kama mtu anayehuzunika.

Ningeweza kusema jioni ile. Ningeweza kusema kesho yake. Kila siku iliyopita ilizidi kuwa ngumu, na huku sokoni mambo yalikuwa yananiendea vizuri, maana watu walisema pole Mama Chovya, mkamwana kakuharibia jina. Nilizipokea zile pole. Mama yako akipita wanawake wanakusanya watoto wao. Mwenye duka la nafaka akakataa kupokea mkono wake. Baba yako nikamwambia yale yale niliyowaambia wageni, akaamini, kwani mtoto aamini nani? Akaanza kukataa chakula cha mkewe. Haikupita masika mawili mama yako akafunga nguo zake akarudi kwao Itaka. Alikuja kukuchukua. Nikasema mtoto anaanza shule, ataharibikiwa, na kwa mikono ile atamlisha nini? Hilo nililisema mbele yake. Alikuvalisha viatu, akakufunga kamba, akaondoka. Baba yako naye akavuka ng'ambo na malori, mengine unayajua.

Nilikuambia mama yako alikimbia ndoa. Ulipokua nikakuambia kuhusu mtoto na usaha, ili uone kwamba nilikuokoa. Ulikuwa na miaka kama kumi ulipokwenda kule likizo, ukarudi ukaniambia, "Bibi, sikula chakula chake, nilikula ndizi tu nilizobeba." Nami nikakusifu. Nikakupa nyama. Sekela, nikikumbuka ile nyama natamani ardhi ipasuke. Yule mwanamke alipika, akakaa akakutazama ukimenya ndizi.

Umekua ukiamini damu yako ina uchafu upande mmoja na umahiri upande mwingine. Ni kweli, ila nilikubadilishia pande.

Sitaki kulia hapa, karatasi itaharibika na sina nyingine. Nirudi kwenye chupa, maana kazi ni kazi, na watu wa Dodoma hawana kosa.

Usifikiri pampu ni dawa ya kila kitu. Baada ya yale mambo mimi niliacha kuchovyesha, nikajidai nimestaarabika. Nikaanza kununua chupa za pampu zilizotumika, wanazokusanya kwenye nyumba za wageni huku mpakani, nikaziosha kwa maji ya moto na sabuni. Nilidhani zimetakata. Siku moja, chupa moja ikanivunjikia mkononi, nikaona ndani ya kile kichwa kuna chemchemi ndogo na kitundu, na humo mna ute mweusi, wa losheni ya mtu wa zamani, na maji yangu ya kuoshea yamelala juu yake. Hapo nilikuwa nimekwishauza nyingi. Kwa hiyo chupa iliyotumika usinunue, hata ukiambiwa imechemshwa. Mrija haufikiki kwa kidole wala kwa brashi. Nunua mpya, iliyofungwa, kwa mtu unayeweza kumrudia.

Na usinunue kwa picha ya simu kama ulivyofanya. Omba mbili tatu za kujaribia. Tia krimu yako mwenyewe, siyo maji, maji yanapita popote. Ilaze chupa ubavu ndani ya begi na nguo nyeupe siku kadhaa, uone kama inavuja. Iache juani juu ya bati, halafu ibonyeze. Mafuta ya parachichi yana tabia ya kula plastiki mbaya; chupa inalegea, inatoa jasho nje, maandishi yanafutika. Uliangalia hilo? Na hizi chupa za kupitisha mwanga usizitake, hata kama krimu inapendeza kuonekana ndani. Mafuta yale yakiona mwanga sana yananuka kama karanga ya mwaka jana. Chukua isiyopitisha mwanga. Mteja atalalamika kwamba haoni ndani, mwache alalamike.

Halafu fikiria mikono. Mimi vidole vyangu vimekakamaa, ile chupa uliyoniletea Krismasi kichwa chake ni kigumu mpaka nabonyeza kwa kiwiko. Bibi wa Dodoma naye ana vidole hivi hivi. Mpe mtu kama mimi aibonyeze kabla hujaagiza gunia. Uone pia inatoa kiasi gani kwa bonyezo moja, maana nyingine zinamwaga kama bomba, mtu anajipaka mpaka anateleza kitini. Iwe na kizuizi cha kichwa ili isijibonyeze njiani, barabara zetu unazijua, mzigo unaotoka hapa mpaka Chitete tu unafika umekorogwa upya. Na jua kwamba watu wetu chupa ikiisha wanaipasua kwa kisu waikwangue ndani. Kama wanakuta robo bado imebaki, watasema umewaibia, na watakuwa wamesema kweli. Ile ya kitako kinachopanda haibakizi sana. Ni ya gharama zaidi, najua, usinielezee. Tengeneza chache.

Na mteja anayetaka kuonja umpe. Usimnyime. Bonyeza tone wewe mwenyewe, limwangukie mkononi. Lililokwisha kutoka halirudi ndani. Hata kama limebaki kubwa, hata kama unaona uchungu, ulifute kwa karatasi na ulitupe. Hilo ndilo somo langu lote, nililolipata kwa uso wa mtoto wa watu na ndoa ya mwanangu, na mama yako alinipa bure mezani, na ile chupa nikaitia karanga.

Neno CHOVYA usiliandike popote. Wewe unaliona kama urithi. Mimi nikilisoma pale juu ya mfuniko nasikia harufu ya ile ndoo. Kama unataka jina, litafute kwa mtu mwingine.

Na usifanye haraka kunisamehe. Nakujua, utakuja hapa unakimbia, utanikumbatia, utasema yamepita mke mwenzangu, tutacheka, na mimi nitakubali kwa sababu ni rahisi. Sitaki. Deni hili si lako kulifuta. Ukirudi kutoka kwaya usiniambie kitu juu ya barua hii. Kula, lala.

Mimi Jumapili, ibada ikiisha, nitasimama mbele ya akina mama. Nimekwishamwomba mzee wa kanisa anipe nafasi, akauliza ni tangazo gani, nikamwambia ni fupi. Nitamtaja mama yako kwa jina. Nitamwita yule binti wa sauti ya kwanza pamoja na mama yake, na nitasema ilikuwa mikono ya nani. Nimezoea kuamkiwa pale, nimezoea kuwekewa kiti. Wakikiondoa, nitasimama.

Lakini kwa mama yako sitatangulia mimi. Nikienda, atapiga magoti tena kwa adabu yake, atasema karibu mama, atanipikia, na mimi nitaonekana mtu mwema. Nimekwisha kuitumia adabu ile mara moja, sitaitumia tena. Nitakwenda siku atakayoniita, kama ataniita.

Kwa hiyo fanya hivi. Tiketi yako ya Dodoma nimeibadilisha, nimekwenda mwenyewe stendi leo asubuhi ulipokuwa unafua. Utapandia basi pale Mlowo siku ya Alhamisi. Kesho alfajiri unaondoka na gari ndogo mpaka Mlowo, unauliza magari ya Itaka, unakwenda kwa mama yako na unakaa huko siku tatu. Boksi la makopo libaki hapa, nitayawekea mbegu za maharage. Nimekununulia chupa tatu mpya za kujaribia, za aina tatu, ziko kwenye mfuko wa bluu, unakwenda nazo, na sufuria ya krimu, na nta. Mpe mama yako barua hii aisome yeye mwenyewe, yote, usimrukie mahali popote. Halafu mwambie achague chupa. Atakayoichagua ndiyo hiyo, hata kama wewe na mwenzako mnaona nyingine inapendeza zaidi.

Na akianza kunisema, Sekela, akiyatoa yote aliyoyaweka tangu siku ile aliposhusha ndoo, usinitetee. Usiseme bibi alikuwa mzee, wala bibi alinilea. Nyamaza, umsikilize mpaka amalize.

Bibi yako,
Tunduma